Alhamdulillah ya Ishirini na Moja

Mimi sina subira, na kila mtu aliyewahi kulala kwenye mashine yangu ya picha hospitalini hapa Arua analijua hilo. Ukitikisika, nakufokea. Ukikohoa katikati ya picha, nakuuliza kama kikohozi hicho ulikuwa umekiweka akiba tangu nyumbani. Wenzangu wameshanizoea. Nisipokuwepo wananiita afande, wakidhani sijui. Sijawahi kukasirikia jina hilo, maana nilizaliwa Koboko katika nyumba ya dereva wa jeshi, na nyumbani kwetu neno hilo lilikuwa na mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa baba. Haya ninayoyaandika ni ya siku niliyompiga picha ya moyo, na ya kosa nililolifanya siku hiyo. Mtu mwingine angesamehewa kosa lile. Mimi nilikua nikiuona mkono wa baba kila siku ya Mungu, kwa hiyo sina cha kujitetea.

Baba alianza kubanwa na kifua msimu wa kupanda karanga, na hakumwambia mtu. Akitoka msikitini alikuwa anasimama njiani, anajifanya anatazama ukuta wa jirani unavyojengwa. Ukuta wenyewe ulikuwa umekwisha tangu mwaka uliopita. Mficha maradhi kilio humuumbua, wanasema, na yeye alikuja kuumbuliwa na jerikani la maji. Alilinyanyua, akaliweka chini, akaketi juu yake katikati ya ua, jasho linamtiririka, hawezi kutamka neno. Dada yangu mkubwa, anayekaa naye, akanipigia simu huku analia. Siku iliyofuata baba alikuwa Arua, kwenye kitanda cha nyumba yangu, analalamika kwamba chai yangu haina tangawizi ya kutosha.

Daktari alimsikiliza kifua, akampima, akasema lazima mishipa ya moyo ionekane. Njia zilikuwa mbili. Ya kwanza ni Kampala, ambako wangempitishia mpira mwembamba ndani ya mshipa wa mkono mpaka kwenye moyo. Ya pili ni mashine yetu, ambayo hutazama kutoka nje. Baba alikuwa na msimamo wake kuhusu Kampala.

"Kampala mi nakwenda kama iko na sababu," alisema. "Waone kwanza, halafu waite mimi. Mi hapana safari kutafuta ugonjwa kama mutu anatafuta mbuzi yake."

Basi ikabaki mashine yetu, na hapo ndipo palikuwa na mtego. Ili mishipa ionekane, mgonjwa hudungwa dawa ya rangi, kisha figo hufanya kazi ya kuisafisha. Figo za baba zilikuwa zimechoshwa na kisukari cha miaka mingi. Daktari aliniita pembeni, akanitazama kama mfanyakazi mwenzake na kama binti wa mgonjwa kwa wakati mmoja, akaniambia, "Mara moja tu. Picha ikiharibika, haturudii." Nilimjibu kwamba nimeelewa.

Lazima nieleze kwa nini picha ya moyo huharibika upesi. Mfupa hutulia wenyewe. Ini hutulia. Hata mapafu unaweza kuyaamuru yangoje kidogo. Moyo haupokei amri ya mtu, na ukiupiga picha unavyorukaruka, mishipa yake myembamba inatoka ukungu mtupu. Inabidi uudake kwenye kale kapumziko kadogo kati ya pigo na pigo. Kwa kawaida tunabandika nyaya kifuani mwa mgonjwa, na nyaya hizo ndizo zinazoiambia mashine: sasa.

Lakini kifua cha baba hakikuwa cha kubandikwa kitu. Kabla sijazaliwa, lori lake lilichemka kwenye mlima njiani kutoka Arua kwenda Koboko, naye akafungua kifuniko cha rejeta kabla hakijapoa. Haraka yangu nimeirithi kwake. Maji ya moto yaliyomrukia yalimwachia kovu nene kutoka shingoni hadi chini ya chuchu, na bega la kulia likavutika hata mkono hauwezi kupanda juu ya sikio. Nilijaribu vibandiko juu ya kovu, nikajaribu mabegani, ubavuni, mgongoni. Mstari uliotokea kwenye kioo ulikuwa kama mwandiko wa mtu anayeandika akiwa juu ya baiskeli. Mashine ikakataa kuufuata, na sikuilaumu.

Bahati yetu, siku zile tulikuwa na kisanduku cha majaribio. Kilikuwa kimeletwa na mhandisi mmoja wa makamo, Mlugbara wa Dadamu anayefundisha Kampala, ambaye alitaka kifaa chake kijaribiwe kwao kabla ya kwenda kwingine. Kilikuwa na ukubwa wa kitabu kinene, kimening'inizwa juu ya kitanda. Kinatuma mawimbi yasiyoonekana, yanapita kwenye nguo na blanketi, yanagonga ngozi ya kifua na kurudi. Kila moyo unapopiga, ngozi ya kifua husogea kiasi kidogo ambacho jicho halikioni, na kisanduku kinasoma msogeo huo na kuiambia mashine: sasa. Hakimgusi mtu. Wanawake wetu walikipenda kuliko mhandisi alivyotarajia, maana hawakuhitaji tena kufunua kifua mbele ya mtu yeyote.

Mhandisi alimweleza baba yote hayo taratibu, baba akasikiliza hadi mwisho, akaweka sahihi yake kubwa ya kijeshi.

"Hii sanduku inaona moyo kupita blanketi?" aliuliza.

"Inaona, mzee."

"Basi nyinyi iko nafanya kazi ya malaika. Mungu asikasirike."

Alikuja na tasbihi yake nyeusi mkononi, ile ambayo shanga zake zimelainika kwa kuguswa. Nilinyoosha kiganja. Nikamwambia humu ndani hakuna kushika kitu, nikaitia tasbihi mfukoni mwa sare yangu. Hakubisha. Nikamlaza. Wagonjwa wengine huweka mikono juu ya kichwa, lakini kwa ajili ya bega lake nilimwachia ailaze tumboni, nikamfunika blanketi kwa sababu chumba kile kina baridi. Nilimshika kifundo cha mkono nikahesabu mapigo. Ni tabia niliyotoka nayo chuoni, hospitali ya Kuluva, kwa muuguzi mmoja mzee aliyetufundisha kwamba kabla hujaiamini mashine, mshike mtu mkono. Mapigo yalizidi sabini, na mara kwa mara moja linaruka. Moyo wa baba ulikuwa unatembea kama mtu aliyevaa kiatu kimoja.

Nilimpa kidonge cha kupunguza mbio za moyo, tukasubiri kifanye kazi. Nikamdunga sindano ya mshipani, nikaiunganisha na pampu ya dawa ya rangi. Kabla ya kutoka nikamwambia, "Usitikisike, baba. Hata kidogo."

"Ndiyo, afande," akasema, na kucheka kidogo. Nilifunga mlango.

Kwenye chumba cha kuendeshea mashine, nyuma ya kioo, mhandisi alikuwa ameinama mbele ya kompyuta yake kama mtu anayetazama mtoto wake wa kwanza.

"Njoo uone mstari," aliniambia. "Njoo uone!"

Ulikuwa mstari mzuri. Vilima vyake vilikuwa sawasawa, kimoja baada ya kingine, hamsini na nane kwa dakika, hakuna hata kimoja kilichochelewa. Mashine iliufuata bila ubishi. Mhandisi alitoa simu mfukoni akaupiga picha. Mimi nami nilifurahi, sitasema uongo. Nilijiambia kwamba kidonge kimefanya kazi, kwamba nusu saa baadaye nitakuwa nampelekea mzee chai. Kidole changu kilikuwa kimeshafika kwenye kitufe cha pampu.

Nikaacha. Sikujua kwa nini. Nilitazama tena vile vilima, na kitu fulani kikanichoma. Vilikuwa na adabu mno.

"Huo si moyo wa baba yangu," nilisema.

Mhandisi akageuka. "Kidonge kinapunguza mbio."

"Kinapunguza mbio, lakini hakimfundishi mtu kupiga paredi. Moyo wake unaruka. Nimeushika kwa mkono wangu."

"Labda umetulia, dada. Huu mstari iko safi. Nimeangalia watu wengi, sijaona safi kama huu."

"Ndiyo maana nakwambia."

Alikasirika kidogo, na namwelewa. Kisanduku chake kilikuwa kimetoa kazi nzuri kuliko siku zote, na hapa amesimama mwanamke mkali anamwambia uzuri wenyewe ndio ugonjwa. Sikungoja ruhusa. Nilifungua mlango, nikaenda moja kwa moja kitandani, nikafunua blanketi.

Baba alikuwa amelala kimya kama alivyoamriwa. Macho amefumba. Kifua hakionekani hata kupumua. Lakini mkono wa kulia, uliolala juu ya tumbo, ulikuwa unafanya kazi. Kidole gumba kilikuwa kinapita kwenye pingili za vidole vingine, pingili moja, ya pili, ya tatu, kinavuka kidole, kinaanza tena. Polepole, kwa hatua za mtu aliyefundishwa kwenda sawa na wenzake. Hamsini na nane kwa dakika.

Nilikuwa nimemnyang'anya tasbihi nikadhani nimemaliza kazi. Na vidole vile ndivyo alivyonifundishia kuhesabu nikiwa na miaka mitano, kwenye jamvi Koboko: kila kidole pingili tatu, anza na kidole kidogo, usiruke. Katika nyumba zetu hata mtoto anajua kwamba tasbihi ikipotea, mkono upo. Nilikuwa nimelijua hilo kabla sijajua kusoma. Kisanduku kilikosea, lakini kisanduku hakikulelewa na baba yangu.

Hasira ilinipanda, na kama kawaida yangu ikamwendea asiyestahili.

"Baba! Nimesema usitikisike!"

Alifumbua macho. "Mimi iko natikisika? Mi nalala hapa kama maiti."

"Kidole!"

Akatazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. "Kidole iko nafanya nini mubaya? Mi nasoma tu."

"Mashine inadhani hicho kidole ndicho moyo! Dawa ni mara moja tu, nimekwambia mara ngapi? Unataka ufe kwa sababu ya kidole?"

Nikiyakumbuka maneno hayo mpaka leo naona haya. Yalikwisha kutoka, yakabaki yananing'inia mle chumbani, na mhandisi aliyekuwa amenifuata akarudi nyuma hatua moja. Baba hakunijibu kwa ukali. Ingekuwa afadhali angenijibu kwa ukali. Aliufunga mkono wake taratibu, akaniambia kwa sauti ya chini, akinitaka nisikie mimi peke yangu:

"Mi naogopa, binti yangu. Nikiacha kuhesabu, mi naanguka ndani."

Nilikuwa sijawahi kumsikia baba akisema neno hilo. Vita vimepita, kukimbilia Kongo kumepita, kurudi na kukuta nyumba haina bati kumepita, mama kafa, na yeye hakuwahi kulitamka. Nilishika nondo ya kitanda. Nilitaka kulia, na sikuwa na nafasi ya kulia, kwa sababu dawa ilikuwa kwenye pampu na kidonge hakidumu siku nzima.

"Umefika ngapi?" nikamuuliza.

"Nini?"

"Hesabu. Umefika ngapi?"

Alifikiri. "Alhamdulillah ya nane."

"Basi niachie. Nitaendelea mimi."

Alinitazama kuanzia kichwani hadi viatuni, na jicho lake la utani likarudi kidogo. "Wewe? Mara ya mwisho kuswali ilikuwa lini?"

"Kwani kuhesabu kunataka nini, baba? Wewe si ndiye uliyenifundisha?"

"Usome kwa sauti. Mi nisikie. Na usikimbie. Haraka haraka haina baraka."

"Aliyefungua rejeta nani?"

Akacheka, na mimi nikacheka, na nikautumia mwanya huo kuufungua mkono wake na kuulaza ubavuni, kiganja kikitazama juu, vidole vimelegea. Nikamfunika tena.

Nikarudi kule kwenye kioo; mhandisi alikuwa amenitangulia, na alikuwa amekwisha elewa. Alinisogezea kipaza sauti, akabonyeza kitufe yeye mwenyewe, akakishikilia ili mikono yangu iwe huru. Mashine ina sauti yake iliyorekodiwa ya kumwambia mgonjwa avute pumzi, lakini ni Kiingereza cha mbali, na baba asingeifuata. Niliizima.

"Alhamdulillah," nilisema. Ya tisa. "Alhamdulillah." Ya kumi.

Mbele yetu ule mstari wa paredi ulivunjika. Kwa muda hapakuwa na kitu ila mawimbi ya pumzi yake, makubwa na mapana. Mhandisi aliuma mdomo. Kisha, juu ya mawimbi yale, vikaanza kutokea vilima vidogo, vibaya, vingine vimebanana, vingine vimeachana, kimoja kikakosekana kabisa. Kisanduku kikavitafuta, kikavipoteza, kikavishika. Sitini na sita. Sitini na nne.

"Huyo," nilimwambia mhandisi nje ya kipaza sauti. "Huyo ndiye baba."

Nikabonyeza pampu. Dawa ikaanza kuingia. Kumi na tano. Kumi na sita. Nilikuwa natamka neno lile kwa mwendo wake, siyo wangu, na sikujua kwamba bado ninao mwendo wake kinywani. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja.

"Baba, vuta pumzi. Shika!"

Alishika. Kitanda kikasogea, mashine ikavuma. Hapo nilinyamaza. Nilitazama kilima, nafasi, kilima, nafasi, na kila kwenye nafasi mashine ilichukua kipande chake. Sikumbuki kama mimi mwenyewe nilipumua. Ilipokwisha, neno la kumruhusu apumue lilinipotea kabisa, na lililokuja ni lile la kwenye uwanja wa gwaride, alilotuchezesha nalo tukiwa watoto.

"Mguu pande!"

Kupitia spika tukamsikia akiachia pumzi na kicheko pamoja. Mhandisi akasema "Amina," Mkristo wa watu, kisha akajifuta macho akisingizia kwamba kioo kimemchosha.

Picha zilitoka safi. Daktari alituonyesha mshipa mkubwa wa mbele umebanwa mahali pamoja, pafupi, na mingine iko wazi. Baba alitazama kwa muda mrefu, akagusa kioo pale palipobanwa, akasema, "Sasa iko na sababu." Akaenda Kampala wiki hiyohiyo, akawekewa kibomba cha kuupanua mshipa, akarudi Koboko akilalamikia chai ya Kampala.

Mhandisi aliponiuliza aandike nini kwenye ripoti yake kuhusu ule mstari wa kwanza, nilimwambia aandike kwamba fundi wa picha, yaani mimi, alikosea. Alikataa. Tulibishana sana, kisha tukaandika swali jipya kwenye karatasi ya kumwandaa mgonjwa, na mpaka leo kila anayelala chini ya kisanduku kile anaulizwa: ukiogopa, mikono yako hufanya nini? Watu wanashangaa, halafu wanajibu. Mama mmoja wa Lobule alisema yeye humenya karanga ambazo hazipo. Mzee mmoja wa kwaya hupiga zeze pajani. Wengi, waliobeba rozari na waliobeba tasbihi, hucheka kwa aibu na kuonyesha kidole gumba. Siwafokei tena, au niseme nawafokea kidogo. Nawauliza wamefika wapi, na kama wanataka, nawasomea.

Nilikwenda Koboko kumtazama baba miezi mitatu baada ya Kampala. Nilimkuta uani jioni, amemaliza kuswali magharibi, bado yuko kwenye jamvi, tasbihi iko mfukoni na kidole gumba kiko kazini. Nilikaa kando yake. Alikuwa anasoma kwa sauti ya kusikika, kwa mwendo wake uleule. Alimaliza Subhanallah zake. Akaingia kwenye Alhamdulillah, na mimi, bila kukusudia, nikawa nahesabu naye kimoyomoyo. Kumi na tisa. Ishirini. Ishirini na moja.

Akanyamaza.

Nilidhani kifua. Nilimgeukia kwa haraka. Hakuwa na neno. Alikuwa ameulaza mkono wake gotini, kiganja kikitazama juu, vidole vimelegea, kama nilivyomlaza mimi siku ile, na ananitazama.

"Uliwacha hapo," alisema. "Mi iko nangoja."

Nikatoa mkono wangu, nikatafuta pingili, nikaendelea na ishirini na mbili.